Siku Sharon Aliponisindikiza Barabarani

Kitu cha kwanza nilichofundishwa nilipoanza kuwatembelea mama waliojifungua ni namna ya kukataa chai mara ya kwanza na kuikubali mara ya pili. Aliyenifundisha ni Sista Tabitha, mkubwa wangu katika zahanati ndogo upande wa Longonot, mwanamke mwembamba aliyetembea haraka kuliko upepo wa kule, na upepo wa kule mnaujua.

Ukifika tu, mama mkwe anakuambia, "Sista, karibu chai." Unajibu, "Asante, nimetoka kunywa." Mnakaa kidogo, mnaongea habari za mvua na mahindi. Anarudia, "Hata kikombe kimoja?" Hapo unalegea: "Haya basi, kama ni kidogo." Ukikubali mara ya kwanza, binti wa nyumba ndiye atakayetumwa jikoni. Ukikubali mara ya pili, mwenye nyumba anaona aibu kutuma mtu na anaenda mwenyewe. Jikoni siku hizo kulikuwa nyumba ya peke yake, na kuni zilikuwa mbichi. Kabla maziwa hayajachemka, mmebaki wawili, wewe na mama wa mtoto, na hiyo ndiyo sababu ya safari yako yote.

Sasa nimestaafu, ninaishi Nakuru mjini, na nyinyi mnaoanza kazi ya kliniki ya mama na mtoto huwa mnanijia na maswali. Mnaniuliza habari za kitovu, umanjano wa macho na ngozi, na jinsi mtoto anavyoshika titi. Hayo mmeyasoma vizuri, wengine kuliko mimi. Leo nataka kuwaambia juu ya yule aliyekaa kando ya mtoto, ambaye wageni humpa mgongo wakimwinamia mtoto wake.

Sista Tabitha alikuwa na sheria moja: msalimie mama kabla hujamtazama mtoto. Jaribuni, mtaona ilivyo vigumu. Mtoto mchanga ana mvuto wake. Miguu inakupeleka kwake yenyewe, na mdomo umeshasema "Haki, anafanana na babake!" kabla hujakumbuka kwamba kuna mtu mzima pale kitandani.

Kule Longonot tulikuwa na mke wa fundi wa reli. Tulimkuta analia mpaka kamasi, na mumewe amesimama mlangoni na nepi mkononi, amechanganyikiwa.

"Amefanya nini?" Sista Tabitha akamuuliza yule mama.

"Anafua nepi akipiga mluzi!"

"Kwani ni wimbo mbaya?"

"Wimbo ni mzuri!" akasema, na kilio kikaongezeka.

Nilifikiri ni mambo makubwa. Sista Tabitha alimkabidhi mtoto kwa nyanya yake, akafunga pazia, akamwambia yule fundi afue kimya na awazuie wageni. Tuliporudi siku chache baadaye, yule mama alikuwa anasimulia kisa hicho mwenyewe huku akicheka, na mumewe amerudia mluzi wake. Machozi ya siku za kwanza yako hivyo. Mwili umebomolewa na kujengwa upya, usingizi umekatika, na maziwa yameingia kwa kishindo. Mama analia kwa sababu chapati imepoa, halafu anacheka kwa sababu amelilia chapati. Mpe usingizi, mpe chakula, mpe mtu wa kumsikiliza. Mengi hupita yenyewe katika wiki mbili hivi za mwanzo.

Yale yanayokataa kupita ndiyo ya kuangalia, na mara nyingi hayana machozi. Kuna pia jambo la tatu, adimu lakini la haraka: mama anayeanza kusikia sauti ambazo nyinyi hamsikii, anayechanganya maneno, asiyelala kabisa, anayesema mtoto amebadilishwa. Huyo hatungojei pazia wala chai. Anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na haachwi peke yake na mtoto hata dakika moja.

Njia za kazi zilibadilika. Kwanza ilikuja chupa ya chai, ile ya kuhifadhi joto. Watu wanasema ilileta maendeleo, lakini kwetu iliharibu kazi kabisa. Unakataa mara ya kwanza, unakubali mara ya pili, na mama mkwe ananyoosha mkono nyuma ya kiti, anamimina bila kuinuka. Kisha yakaja maswali ya semina. Tukafundishwa kumuuliza mama kama ameweza kucheka na kuona upande wa furaha wa mambo. Maswali ni mazuri, na myatumie. Lakini nimewahi kuyauliza mbele ya nyumba nzima, na kabla mama hajafungua mdomo shangazi akajibu, "Kucheka? Huyu anacheka sana!" Binamu akaongeza, "Tena kwa sauti." Yule mama akatikisa kichwa kukubali, na mimi nikaenda zangu nikiwa nimepata majibu ya shangazi.

Miaka yangu ya mwisho kazini niliimalizia upande wa Olenguruone, kule juu Mau, ambako ukungu hukaa mpaka watu wamemaliza kukamua. Huko ndiko nilikomjua Sharon.

Sharon alikuwa amezaliwa na kukulia Naivasha. Mama yake alifanya kazi kwenye shamba la maua na yeye pia, kwenye meza za kupanga waridi. Mumewe, Kiplangat, alikuwa fundi kwenye mitambo ya umeme wa mvuke, kazi ya zamu. Alipojifungua msichana, wakamwita Cherop kwa sababu alikuja na mvua. Na kwa kuwa mama wa Sharon hakupata ruhusa kazini na Kiplangat yuko zamu, Sharon na mtoto wakapelekwa kwa mama yake Kiplangat. Kijiji kizima kilimwita huyo mama Gogo, yaani nyanya, na tangu mjukuu aje hakutaka kuitwa jina lingine lolote.

Nisikilizeni vizuri kuhusu Gogo: sijawahi kuona mama mkwe mwenye upendo kama yule. Sharon hakugusa ufagio. Hakugusa sufuria. Asubuhi uji, saa nne maziwa ya kibuyu, mchana supu ya miguu ya mbuzi, jioni uji tena. Maji ya kuoga yalichotwa, yakachemshwa, yakapozwa. Mtoto aliogeshwa, akapakwa mafuta, akafungwa mgongoni kwa Gogo, na jirani walipokuja walimwambia Sharon, "Wewe una bahati. Wengine wetu tulilima tukiwa na mtoto wa wiki moja."

Nilipofika mara ya kwanza mtoto alikuwa amenona, kitovu kimekauka vizuri. Nilimsalimia Sharon kwanza, kama nilivyofundishwa. Alikuwa ameketi karibu na moto, ameshika kikombe cha uji ulioshika utando juu.

"Mtoto anaitwa nani?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

Alimtazama Gogo, na Gogo akajibu, "Cherop! Si unaona vile alileta mvua?"

Nilijaribu chai. Nikakataa, nikakubali, na ile chupa ikatoka nyuma ya kiti.

Wakati nakunywa mtoto alilia. Sasa, mama aliyejifungua akisikia mtoto wake analia, mwili wake hufanya kitu. Kichwa kinageuka, au mkono unaenda kifuani. Hata aliyechoka kabisa hukunja uso. Sharon alivuta tu mikono yake ndani ya mikono ya sweta. Gogo akamleta mtoto, akamweka kwenye titi, akashikilia kichwa chake mpaka akashiba, akamwondoa. Sharon alikuwa anatazama moto.

Kwetu huku mgeni husindikizwa, na si kwa ajili ya adabu tu. Ndani ya nyumba huzungumzwa ya chai. Ukweli hutolewa njiani, mgeni akiwa na mkoba begani na mwenyeji akiwa hana haja tena ya kumtazama usoni. Nimepata habari za ndoa, za ulevi na za mashamba nikiwa nimesimama langoni na mguu mmoja nje. Lakini mama aliyejifungua hasindikizi mtu. Anawekwa ndani, baridi isimwingie mifupani. Kwa hivyo anayesindikiza ni mama mkwe, na ukweli unaoupata njiani ni wa mama mkwe.

Gogo alinisindikiza akiwa na furaha. "Huyu msichana hana shida, sista," akaniambia. "Mpole sana. Tangu aje hata hajalia."

Mtoto alikuwa ameshapita wiki ya tatu. Nilitembea hadi barabarani nikilirudia neno hilo, hata hajalia, na halikunipendeza.

Nilirudi mapema kuliko ilivyopangwa. Nikampima mtoto, nikanywa chai, nikasimama. Gogo akachukua mkoba wangu, tayari.

"Leo nataka kusindikizwa na Sharon," nikasema.

"Sharon gani?"

"Huyu."

"Na hii baridi? Sista, si wewe ndio daktari? Unataka baridi imkaushe miguu?"

"Mvalishe."

"Nitakufikisha mimi mpaka kwa bodaboda. Hata mpaka kituoni!"

"Gogo, nimekuja hapa mara mbili na sijajua sauti ya huyu mama. Mvalishe."

Alimvalisha. Sweta mbili, blanketi, kofia ya sufu, gambuti, na juu ya vyote koti la kazi la Kiplangat lenye utepe unaong'aa, ambalo mikono yake ilimfikia Sharon karibu na magoti. Msichana wa watu akatoka nje ameviringishwa kama kabichi. Gogo akajifunga mtoto mgongoni, akachukua mwavuli, akatufuata nyuma.

"Tuachie nafasi, Gogo," nikamwambia.

"Nimewaachia! Lakini msipite boma la ng'ombe nisiwaone!"

Tulitembea. Hapa nawaambia jambo la kazi: ukitaka mtu akuambie lililomzidi, tembea ubavuni mwake na utazame njia. Usimtazame usoni. Na usiharakishe kujaza kimya chake.

Baada ya kitambo akasema, "Hii koti inanuka Kiplangat."

"Vizuri ama vibaya?"

"Inanuka tu."

Tukaenda hatua nyingine. "Mtoto nimemwona, amenona," nikasema. "Sasa wewe, uko aje?"

"Niko sawa."

"Sawa ya kuambia wageni, ama sawa yako?"

Sharon akauliza, "Nikikuambia, utasema mimi ni mama mbaya?"

"Sitasema. Lakini ukiniambia kitu cha hatari sitakaa nacho peke yangu. Nitatafuta watu wa kutusaidia, na utakuwa wa kwanza kujua."

Mwambieni mtu hivyo kabla hajazungumza, si baadaye. Nyuma yetu Gogo alikuwa anamwimbia mtoto.

"Kule Naivasha," Sharon akaanza, "maua yanakuja kwa meza, unayafunga, yanaenda. Jioni huwezi kumbuka hata moja. Na huyu mtoto ni hivyo. Analetwa, ananyonya, anaenda. Mimi nikimshika analia, Gogo akimshika ananyamaza. Namwangalia, sista, naona mtoto wa Gogo. Nimefikiria niwaachie tu, niende."

"Uende wapi?"

"Sijui. Mahali sitakuwa."

Wengi wetu tukifika hapa tunakimbia. Tunasema, "Usiongee hivyo," au "Mungu ni mwema." Mungu ni mwema, lakini yule mtu amekufungulia mlango na wewe umeufunga. Niliuliza kwa sauti ile ile ya kuulizia maziwa.

"Mahali hutakuwa, ni kufa?"

Alisimama. "Wakati mwingine. Nalala nikiomba nisiamke."

"Umefikiria utafanya nini?"

"Hapana. Ni hivyo tu, nisiamke."

"Na mtoto? Umewahi kufikiria kumuumiza?"

"Hapana!" Ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake ikipanda. "Mtoto hana makosa. Shida ni mimi."

"Shida si wewe. Huu ni ugonjwa, Sharon. Nimewaona wengi, walitibiwa na wakapona. Lakini hautaondoka kwa supu, na lazima tumwambie Gogo."

"Atasema simpendi mjukuu wake."

"Tutamwambia wawili."

Hatukuhitaji kumwita. Alipoona tumesimama alikuja mbio, mwavuli umelala upande. "Nini? Amepata kizunguzungu? Si nilisema!"

Nikamweleza pale pale njiani, kwa maneno machache. Alinisikiliza, kisha akamgeukia Sharon, na uso wake ulikuwa umeumia.

"Kwani nimekunyima nini? Supu nimekupa. Maziwa nimekupa. Hata ufagio sijakuruhusu!"

"Umenipea kila kitu, Gogo," Sharon akasema polepole. "Mtoto tu ndio hujanipea."

Bila kuambiwa, Gogo akafungua leso mgongoni, akamtoa Cherop na kumweka mikononi mwa Sharon. Ile mikono mirefu ya koti ilizuia, kofia ya mtoto ikaanguka, mtoto akapiga kelele za kuamsha ng'ombe. Mikono ya Gogo ikaruka mbele kusaidia. Nikaishika.

"Analia, sista!"

"Anajuana na mama yake. Wacha."

Ningependa kuwaambia kwamba mtoto alinyamaza. Hakunyamaza. Alilia njia nzima mpaka nyumbani, Sharon naye akilia, na Gogo akitembea kando yao amekunja mikono kwapani kama mtu aliyefungwa. Lakini Sharon hakumrudisha.

Siku hiyo hiyo tulipata gari la jirani tukashuka nao hospitalini, wote watatu. Gogo alipinga kidogo aliposikia ni wa kuonwa na mhudumu wa afya ya akili. "Mtoto wa watu si wazimu!" Nikamwambia hakuna aliyesema ni wazimu. Mguu ukivunjika tunaenda kwa wa mifupa. Sharon akapangiwa siku za kuzungumza na mhudumu, na dawa ambayo angeweza kuinywa akinyonyesha. Tukakubaliana asibaki peke yake siku zile za mwanzo, na kwamba wazo lile likirudi kwa nguvu amwambie mtu saa hiyo hiyo, hata kama ni kumwamsha.

Kiplangat nilimpigia simu mwenyewe.

"Sista! Mtoto ako sawa?"

"Ako sawa. Uliza wa pili."

"Sharon ako sawa?"

"Hayuko sawa. Omba ruhusa uje."

Akaja. Na aliporudi kazini aliendelea kupiga simu kila jioni kama zamani, ila sasa alianza kwa kumuuliza Sharon amelala vipi.

Gogo ndiye aliyepata maagizo magumu kuliko wote. Dawa ni rahisi, unameza. Yeye nilimwambia akae.

"Nikae nifanye nini?"

"Ukae tu. Endelea kupika, endelea kuchota maji. Sharon akitaka kulala, mchukue mtoto. Lakini mtoto akilia na Sharon yuko macho, wewe kaa."

Nilimkuta siku moja wakati wa kuogesha. Sharon ameinama juu ya beseni, sabuni imemponyoka, mtoto anateleza kama samaki, maji yako sakafuni zaidi ya yaliyo ndani. Gogo alikuwa kwenye kiti, amekalia mikono yake. Namaanisha kuikalia kweli, kama mtoto wa shule aliyekatazwa kuchokoza mwenzake. Jasho lilikuwa limemtoka.

"Sista," akaninong'oneza, "hii ni kazi ngumu kuliko kulima."

Haikuwa haraka. Zilikuwepo wiki ambazo Sharon alirudi nyuma, akaketi tena na uji wake unapoa, na Gogo akanipigia simu kwa wasiwasi. Dawa iliongezwa, mazungumzo yakaendelea. Msiahidi mtu kwamba kesho ataamka ameshapona. Mwambieni atapona, na kwamba mtakuwa mnakuja.

Mara ya mwisho kuwatembelea kabla sijastaafu, Cherop alikuwa ameshajua kushika vitu na kuvitia mdomoni. Nilimsalimia Sharon, nikamuuliza hali yake, na alinijibu pale pale sebuleni, Gogo akisikia: "Jana asubuhi ilikuwa mbaya, nililia. Leo iko afadhali." Gogo aliendelea kuchambua maharagwe, hakujibu kwa niaba ya mtu.

Nikatundika mizani juu ya mlango, nikanyoosha mikono nimpokee mtoto nimpime. Alikuwa kwenye titi, amefumba macho.

"Ngoja kwanza, sista," Sharon akasema, na akamgeuza kidogo upande wake, mbali na mikono yangu. "Huyu wangu hajamaliza."

Nikakaa nikangoja.